Muulize Muuguzi: Nusu kilo ya chumvi, na dawa za mvuvi wa dagaa

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji wenye presha ya kupanda, pamoja na wale wanaowapikia na kuwauguza, waniandikie kinachowashinda. Barua zimetoka Kirumba, Igoma, Nyegezi, Sengerema mpaka visiwani. Nimekaa miaka mingi katika chumba cha kupimia presha hapa Mwanza, na sikubaliani na wanaosema wagonjwa wetu ni wakaidi. Mgonjwa anaambiwa maneno mawili, "punguza chumvi, meza dawa", kisha anarudi kwenye nyumba yenye sufuria moja ya watu wengi, au kwenye kazi isiyojua saa za kliniki. Hapo ndipo anapokwama. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa heshima yao. Na tafadhali, asiwepo wa kubadili dawa zake kwa kusoma ukurasa huu; soma, kisha peleka swali kwa anayekutibu.

Swali: Chumvi mbichi nimeacha, mbona presha haishuki?

*Shikamoo mama. Naishi Kirumba na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Mwaka jana nilikutwa na presha 168 kwa 102, nikaanzishiwa dawa, na nameza kila siku bila kukosa. Niliambiwa niache chumvi mbichi, nimeacha kabisa, hata kichupa nimekiondoa mezani. Chumvi natia jikoni tu, mboga ikiwa inachemka. Lakini kila nikipimwa ni 150 na kitu. Nakosea wapi? – Mama wa Kirumba*

Marahaba, mwanangu. Kumeza dawa kila siku bila kuruka ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na wewe unaifanya. Tukae kwenye chumvi, maana ushauri uliopewa umekufikia nusu.

Chumvi iliyochemka na chumvi mbichi ni chumvi ileile. Moto wa jiko hauipunguzii nguvu. Inayeyuka kwenye mchuzi, huioni tena, lakini sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, yote imo ndani ya sufuria, na ukimaliza mchuzi umeimaliza nayo. Ikishaingia kwenye damu huvuta maji na kuyashikilia, ujazo wa damu unaongezeka, na moyo unalazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi katika mishipa ileile. Aliyekukataza chumvi mbichi alitaka kukutoa kwenye tabia ya kunyunyizia mezani, na ni tabia mbaya kweli. Shida ni kwamba akina mama wengi wamebaki na imani kuwa ya jikoni haihesabiki, na wapo wanaoongeza kule jikoni ili mezani wasiihitaji. Inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu hawa ni watu wanaojitahidi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ukijumlisha ya jikoni, ya kwenye mkate, ya kwenye supu, yote. Ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Watoto wale chini ya hapo. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa ajili ya wenye presha peke yao, ni cha kila mtu.

Sasa nani anapima kijiko cha kila mtu akiwa na sufuria ya watu saba? Hakuna. Kwa hiyo fanya hivi. Nunua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, na siku unapoifungua andika tarehe juu yake kwa kalamu. Wewe, mumeo, mama mkwe na watoto wanne ni watu saba. Saba mara gramu 5 ni gramu 35 kwa siku. Gramu 500 ukizigawa kwa 35 unapata siku 14 na ushee. Pakiti hiyo basi isiishe kabla ya wiki mbili, na kwa kuwa watoto wanatakiwa kula kidogo zaidi na mkate unakuja na chumvi yake, ikifika wiki tatu nitafurahi zaidi. Ikiisha kwa wiki moja, maana yake kila mtu nyumbani kwako, hata mtoto wa chekechea, anakula kama gramu 10 kila siku. Chumvi ya kusugulia samaki itenge kwenye kopo jingine ili hesabu isivurugike. Wanawake niliowapa kazi hii hurudi na pakiti tupu mkononi, wamekwisha kupata jibu wao wenyewe kabla sijafungua mdomo.

Ukishajua pakiti inakwenda vipi, angalia vitu ambavyo havimo ndani yake. Cha kwanza ni magadi. Wengi hawayahesabu kwa sababu hayana ladha ya chumvi, lakini magadi nayo yana sodiamu. Unayatia kwenye maharage yaive haraka, na nakuelewa, mkaa ni ghali. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, upike kwa maji mapya. Yataiva mapema na magadi hutayahitaji. Cha pili ni samaki. Kirumba uko jirani na soko la samaki la Mwaloni, unawajua wale sangara wanaopasuliwa, kupakwa chumvi nyingi na kuanikwa, kayabo, ambao marobota yake hupakiwa kwenda Kongo. Wakiingia jikoni kwako, chumvi yote ile imeingia nao. Ukiwaloweka na kubadili maji mara kadhaa inapungua, lakini haiishi, kwa hiyo wawe wa mara mojamoja, na sufuria hiyo usiitie chumvi nyingine hata chembe. Sato au sangara mbichi hana tatizo hilo. Dagaa walioanikwa juani bila chumvi hawana tatizo hilo pia. Muulize muuzaji, au onja mmoja.

Cha tatu ni viungo vya pakiti, mchuzi mix na vile vidonge vya kutia kwenye supu. Soma nyuma ya pakiti, utaikuta chumvi imeandikwa. Mtu anatia chumvi, halafu anatia na kiungo cha pakiti, halafu analalamika kwamba hatumii chumvi nyingi. Na kama mumeo hupitia supu asubuhi akielekea kazini, ile bakuli ina chumvi ya mpishi pamoja na aliyoongeza yeye.

Tunachobahatika huku kwetu ni kwamba ugali haupikwi kwa chumvi. Nusu ya sahani yako ni salama tayari. Viazi vitamu, hata vile vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, na ndizi, vyote vinaliwa bila chumvi na havimpotezei mtu hamu. Kazi yote iko kwenye mboga. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ikiungwa kwa karanga inahitaji chumvi kidogo sana kwa sababu karanga zinabeba ladha. Samaki mbichi mpake ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, mwache saa nzima kabla ya kumweka jikoni. Nyanya nyingi, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikabadilika rangi, giligilani, pilipili kwa wanaoipenda, vyote hivyo vinasaidia. Punguza chumvi polepole, wiki hii kidogo, wiki ijayo kidogo tena. Ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea, kisha chakula cha zamani utakiona kikali.

Kuna jambo moja nakuomba usilifanye: usijipikie sufuria yako peke yako. Nimeona inavyokwenda. Mama anajitenga na kisufuria chake kisicho na ladha, wengine wanakula kile kizuri, na baada ya wiki mbili amechoka, amerudi kulekule. Pika sufuria moja yenye chumvi kidogo kwa nyumba nzima. Mama mkwe akisema chakula hakina ladha, usibishane naye. Siku ya miadi njoo naye kliniki, mwombe muuguzi ampime na yeye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha, na karibu nusu yao hawajui. Mama wa umri wake akipimwa, akaelezwa yeye mwenyewe kwa heshima, mara nyingi ndiye anayegeuka mlinzi wa ile pakiti.

Mwisho, nina maswali mawili ya kukuuliza. Je, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Vile vyenye homoni mbili hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake, na zipo njia nyingine zisizopandisha. Je, unameza diklofenaki au ibuprofeni mara kwa mara kwa ajili ya mgongo au magoti? Nazo hupandisha presha na kuzichosha figo. Mweleze daktari yote mawili. Na kama chumvi imepungua, hayo hayapo, na kipimo bado ni 150, basi dawa yenyewe inahitaji kuongezwa au kuongezewa mwenzake. Watu wengi huhitaji dawa zaidi ya moja, na hilo halimaanishi kwamba umeshindwa.

Swali: Presha imeshuka, kwa nini niendelee na dawa?

*Habari za kazi, dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa, miaka 46, kambi yetu iko kisiwani upande wa Ukerewe. Nilianguka mwaloni, pale tunapotia nanga, nikapelekwa hospitali, presha ikawa 182 kwa 110. Nimemeza dawa mbili, sasa ni 124 kwa 80. Kambini wanasema nimepona, na nikiendelea mwili utazoea dawa. Pia dawa moja inanikojoza usiku kucha niko ziwani, na mara nyingi dawa zinaisha kabla sijarudi nyumbani. Niziache kwanza? – Mvuvi*

Salama, ndugu yangu. Usiziache. Kutoka 182 hadi 124 ni hatua kubwa, na nakupongeza kwa moyo wote. Lakini mtumbwi unaovuja ukikauka kwa sababu kuna mtu anachota maji, huwezi kumwambia akae chini kwa kuwa sasa ni mkavu. Hiyo 124 ni ya dawa. Ukiacha, presha itarudi, kwa wengine ndani ya siku chache na kwa wengine baada ya wiki, na itarudi bila kubisha hodi. Kuhusu mwili kuzoea, dawa za presha hazimfanyi mtu kuwa mraibu wake. Tena zipo, kama atenololi na ndugu zake, ambazo ukizikata ghafla moyo unaweza kuleta matatizo siku zilezile. Ukipunguza chumvi, pombe na uzito, huenda siku moja daktari akapunguza dozi, lakini atafanya hivyo polepole akiwa anakupima.

Hilo la kukojoa limenigusa, kwa sababu kosa si lako. Uliambiwa "meza asubuhi" na mtu aliyekuwa anamfikiria mgonjwa anayelala usiku. Wewe unaingia ziwani jioni, unakaa kwenye taa mpaka alfajiri, unalala mchana. Bila shaka unameza ukijiandaa kuondoka, ndipo dawa inafanya kazi mko katikati ya maji. Dawa za kukojosha hufanya kazi yake kubwa katika saa chache za mwanzo. Kwa mvuvi wa usiku inafaa imezwe mara mnapotia nanga alfajiri au mara tu unapoamka. Mpe daktari ratiba yako yote, saa unayotoka, saa unayorudi, saa unayolala, akupangie. Ile nyingine, kama ni amlodipini, inaweza kumezwa saa yoyote mradi isibadilike kila siku.

Na tatizo la dawa kuisha njiani tunaweza kulimaliza kwa kufuata mwezi wa angani. Nyinyi mnavua dagaa kwenye giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina kazi, mnatundika nyavu na wengi mnarudi nyumbani. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 au 30. Omba miadi yako iangukie kipindi hicho, upewe dawa za siku 30 na nyongeza ya wiki moja, kwa ajili ya upepo mbaya, injini kuharibika au tajiri kuwahamishia kisiwa kingine. Kliniki yoyote yenye nia njema itakuelewa ukieleza hivyo. Sema wazi, "mimi navua dagaa, nikikosa wiki hii nitarudi mwezi ujao." Usikae kimya halafu ukaandikiwa mtoro.

Ukiwa kambini, usitoe vidonge kwenye karatasi yake mpaka siku ya kumeza. Viweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, mbali na jua na mbali na mafuta ya injini. Fungu moja libaki kambini, fungu dogo liwe kwenye mfuko wako usiopenyeza maji, ili mkilala kisiwa kingine usikose. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha siku hiyo. Usimeze viwili kufidia.

Halafu zungumza na mpishi wa kambi. Yeye ndiye ameshika chumvi yako, kama alivyoishika mama wa Kirumba. Wavuvi wanapenda kusema wanatoka jasho sana kwa hiyo wanahitaji chumvi nyingi. Chakula cha kawaida kina chumvi ya kutosha kwa jasho hilo. Kunyweni maji.

Swali: Baba anameza dawa kichwa kikimuuma tu

*Shikamoo dada. Baba yangu ana miaka 71, yuko kisiwa cha Ukara. Sisi watoto tunamtumia dawa kila mwezi, lakini anameza siku kichwa kinapouma tu, anasema mwili wake anaujua. Nilipokwenda Desemba nilikuta makopo yamejaa chini ya kitanda. Nimfanyeje bila kumvunjia heshima? – Binti, Nyegezi*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kabisa, asije mtu akamwambia baba aanze kesho kumeza zote kama zilivyoandikwa. Kama ni dawa tatu na hajazimeza kwa utaratibu kwa muda mrefu, kuzianzisha zote pamoja kwa mzee wa miaka 71 kunaweza kumshusha ghafla, akasimama na kuanguka. Mpeleke zahanati na makopo yote. Apimwe, tarehe za mwisho wa matumizi zisomwe, ndipo mhudumu aamue aanze na ipi.

Kuhusu kichwa, presha kwa kawaida haisikiki. Mtu anaweza kuwa na 190 akalima vizuri mpaka jua la utosi. Hutaweza kumshawishi kwa maneno, ila kipimo kinaweza. Mpime siku ambayo kichwa hakimuumi na anajisikia vizuri, asome namba mwenyewe. Apumzike dakika 5 kabla ya kupimwa, ameegemea kiti, miguu chini bila kukunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asizungumze, awe amekwenda haja ndogo, na asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara.

Halafu muulize sababu, mkiwa wawili, si mbele ya wajukuu. Wazee wana sababu. Wengine miguu inavimba kwa amlodipini, wanadhani ni figo zimekufa. Wengine wanakohoa kikohozi kikavu kisichoisha kwa sababu ya dawa za jamii ya kaptopili. Wengine wanaona kizunguzungu wakiinuka. Yote hayo yana ufumbuzi, dawa hubadilishwa. Na wapo wengi, huenda baba yako ni mmoja wao, wanaobana dawa kwa huruma. Anajua mnanunua kwa shida, kwa hiyo anaziweka akiba. Mwambie kwa upole kwamba kidonge kilicholala chini ya kitanda ndicho kinachowatia hasara.

Akikubali, kidonge kifunganishwe na jambo asilolikosa. Kama hulala baada ya taarifa ya habari ya usiku, basi redio ikianza kusoma habari, mjukuu analeta maji. Mtoto wa miaka tisa au kumi anaifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, na babu hawezi kumkatalia.

Nyumbani wajue pia dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kutatanika ghafla. Hapo ni boti na hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Msimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi. Kuishusha presha kwa kishindo kunaweza kuuharibu ubongo zaidi.

Swali: Dawa zimeniharibia unyumba

*Habari dada muuguzi. Nina miaka 52. Tangu nianze dawa za presha nguvu za kiume zimepungua. Nimeziacha, sasa mwezi wa tatu. Mke wangu hajui. – Msomaji, Igoma*

Nashukuru umeandika, maana wanaume wengi huondoka kliniki kwa sababu hii na hawaisemi. Tunawaona tena wakiwa wamebebwa.

Presha yenyewe huharibu mishipa midogo ya damu, na mishipa ya huko nayo ni midogo. Kisukari hufanya vilevile, kwa hiyo omba upimwe na sukari. Lakini ni kweli pia kwamba baadhi ya dawa zinachangia, hasa atenololi na jamaa zake, na baadhi ya dawa za kukojosha. Zipo nyingine, kama losatani na amlodipini, ambazo kwa wengi hazina tatizo hilo. Umeshapata njia ya tatu, mbali na kuteseka na kuacha. Nenda wiki hii, upimwe, useme kwa maneno haya uliyoniandikia. Kama unaona aibu mbele ya muuguzi wa kike, omba tabibu mwanaume. Ni haki yako.

Usinunue unga wala vidonge vya nguvu vinavyouzwa mitaani. Hujui kilichomo, na vikikutana na baadhi ya dawa za moyo presha inaweza kuanguka mpaka mtu apoteze fahamu. Na mke wako mwambie. Huenda amekwisha kuona mabadiliko, na anawaza mambo mengine kabisa.

Swali: Vidonge vya rangi mbili

*Shikamoo mama. Kliniki walinipa vidonge vyeupe vya presha. Viliisha, nikanunua dukani, wakanipa vya njano vyenye jina jingine. Sasa kliniki wamenipa tena vyeupe. Nimeze vyote viwili? – Sengerema*

Marahaba. Usimeze vyote kabla hujajua. Kila kiwanda huipa dawa jina lake kwa herufi kubwa na rangi yake, lakini chini yake, kwa herufi ndogo, limeandikwa jina halisi la dawa na miligramu zake. Kama kwenye karatasi zote mbili jina dogo ni amlodipini, hiyo ni dawa moja, na ukimeza vyote umejipa dozi mara mbili. Kama majina madogo yanatofautiana, ni dawa mbili, na hapo aamue anayekutibu. Kama macho yako hayasomi herufi ndogo, mpe mwanafunzi yeyote akusomee.

Siku nyingine ukienda duka la dawa, nenda na ile karatasi tupu, usitaje "dawa ya presha nyeupe". Na siku ya kliniki weka kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, cha hospitali, cha dukani na cha miti shamba, uvimwage vyote mezani mbele ya muuguzi. Hakuna atakayekugombeza. Kama tayari umevimeza vyote kwa siku kadhaa na unasikia kizunguzungu ukisimama, usingoje tarehe ya miadi. Nenda leo.